Asante Isiyofika Jikoni

Kwenye kigongo kimoja cha Mathira, juu kidogo ya Karatina, hakukuwa na mtu aliyejua kushukuru kama bibi kizee Wakiuru, ambaye wote walimwita Cucu, yaani nyanya. Alishukuru hata kabla ya kufungua macho. Ukungu ungali umelalia majani chai, jogoo wa jirani hajakohoa, na sauti ya ajuza huyo ingepenya ukuta wa mbao: "Mwathani agocwo! Bwana asifiwe! Asante Yesu kwa kuniwashia moto!"

Jikoni, Watiri, mkazamwana wake, alikuwa amepiga magoti mbele ya mafiga, machozi yakimtiririka kwa moshi, akipuliza kuni mbichi za mwezi wa saba.

"Yesu ndiye amewasha," alinong'ona. "Haya. Na aje apulize."

Uji ulipoiva aliupeleka ukiwa umepozwa vile Cucu alivyoupenda, si moto wa kuunguza ulimi wala si baridi ya kushikana. Alisimama pale na sinia, akangoja kidogo. Cucu alifumba macho, akainua kikombe kama anayemwonyesha mtu aliye juu ya paa, akasema, "Asante Yesu kwa uji huu." Akanywa. Kisha akamrudishia Watiri kikombe bila kumtazama. "Mama Muriithi, kesho tia ndimu kidogo."

Hakuwahi kumwita Watiri kwa jina lake. Tangu kifungua mimba wake Griffins, sasa mwanafunzi wa bweni, azaliwe na kupewa jina la babu yake, Muriithi, liwe jina la pili, kama desturi ilivyo, Watiri aligeuka Mama Muriithi, na jina lake mwenyewe likabaki huko kwao alikozaliwa.

Basi maji ya kuoga yalikuwa asante Yesu. Kitanda kilichotandikwa, asante Yesu. Soksi zilizokaushwa juu ya makaa zikanukia moshi, asante Yesu, zina joto. Watiri alikuwa na ng'ombe mmoja, na huyo ndiye aliyesikia yote. "Wewe angalau ukishiba unanyamaza," alimwambia wakati wa kukama. "Hushukuru mtu mwingine mbele yangu." Ng'ombe alicheua.

Si kwamba Watiri alikuwa mtu asiyemcha Mungu. Aliokoka akiwa msichana, akaimba kwaya, akafundisha watoto wa kanisa. Alijua maandiko yanasema nini juu ya kushukuru, na hilo ndilo lililomchoma zaidi, kwa sababu kila alipojaribu kulalamika mtu alimpiga kichwani na mstari. Lakini zamani alikuwa pia fundi. Katika soko la Karatina alikuwa na kibanda cha kushona sare za shule, na akina mama walitoka hata Kiganjo wakimtafuta kwa sababu marinda yake hayakufumuka. Kisha Cucu akateleza kwenye matope akienda kutafuta mahali kuku anapotagia, nyonga ikavunjika, akapelekwa Nyeri, akapasuliwa. Aliporudi nyumbani kwa machela, dada za mumewe walikaa sebuleni wakanywa chai, kila mmoja akaeleza jinsi alivyo na shughuli. Halafu macho yote yakamgeukia Watiri, kama yanavyomgeukia aliyekaa karibu na chumvi.

Wambugu, mumewe, karani wa kituo cha kununulia majani chai, mtu wa maneno machache, alisema, "Ni mama." Basi. Kwa Wambugu hiyo ilikuwa hotuba.

Watiri akafunga kibanda.

Ni yeye aliyemfundisha Cucu kutembea upya. Muuguzi alimwonyesha mara moja tu wodini, naye akalishika somo hilo. Kila asubuhi umande ulipokauka, alimtoa nje na kile chuma chenye miguu minne, wakaenda kutoka mlangoni kuelekea lango. "Chuma kwanza. Mguu mgonjwa. Mguu mzima. Usiangalie chini, Cucu, angalia lango." Mwanzoni walifika kwenye kamba ya nguo tu. Cucu alilia, akamtukana, akasema anauawa mchana kweupe na mtoto wa watu. Watiri aliuma meno. Mvua ya masika ikaja ikaenda, chuma kikabadilishwa kwa fimbo, na siku moja Cucu akaligusa lango kwa mkono wake, akapiga kelele hata jirani akatoka mbio.

"Mwathani agocwo! Yesu ameniponya!"

Watiri alikuwa bado amemshika kiunoni.

*

Habari zilifika kanisani, na ushirika wa akina mama ukaamua kuja kufanya maombi ya shukrani pale nyumbani. Aliyepanga mambo yote ni Mwalimu Mercyline, mwanamke mchangamfu aliyehamishwa kutoka upande wa magharibi akaja kufundisha shule ya msingi ya pale, akapapenda, akajenga. Alikuwa na moyo mwema na tabia moja ya kuudhi: kila neno alilimalizia na "katika yote".

"Mama Griffins," alimwambia Watiri kwa simu, "tutakuwa watu kidogo tu. Usijisumbue. Chai na kitu ya kushikilia. Katika yote, tushukuru."

Watu kidogo walijaza sebule, wakajaza veranda, wengine wakakalia mawe nje. Watiri alikuwa jikoni, jengo la mbao lililotengana na nyumba kwa hatua chache, akisukuma chapati. Unga ulimfika viwikoni. Dirisha la jikoni lilitazamana na dirisha la sebule, kwa hiyo hakupitwa na neno.

Waliimba. Wakaomba. Kisha Cucu akasimama kutoa ushuhuda, na vigelegele vikapigwa kwa kule kusimama tu.

"Namshukuru Mungu," alisema Cucu kwa sauti iliyokuwa na nguvu kuliko mwili wake. "Nilikuwa mtu wa kubebwa kama gunia. Leo nimesimama. Namshukuru daktari aliyenitia chuma kwa nyonga. Namshukuru mchungaji, alikuja kuniona. Namshukuru Mwalimu Mercyline, aliniletea sukari na majani. Namshukuru mtoto wangu Wambugu, alinunua dawa. Nashukuru hata hii fimbo. Nashukuru ng'ombe wetu, maziwa yake ndiyo yalishikanisha mifupa yangu."

Watiri aliacha kusukuma. Kijiti cha chapati kilibaki mkononi. Alingoja, maana baada ya ng'ombe, mtu angedhani zamu yake imefika.

"Na Mungu awabariki nyote," Cucu akamaliza, akaketi.

Makofi. Vigelegele tena. Na juu ya makofi hayo sauti ya Mercyline: "Amina! Na sasa tunataka kusikia Mama Griffins. Mama Griffins, wacha jikoni kidogo, kuja useme jambo moja tu unashukuru Mungu."

Watiri alivuka uwanja akiwa vile vile alivyokuwa, kanga imefungwa kiunoni, uso umeng'aa jasho na mafuta. Alisimama mlangoni. Aliwatazama wote, vikombe mapajani, nyuso zikimtabasamulia kama za watu wanaongoja kulishwa, jambo ambalo kwa kweli ndilo walilokuwa wakingoja.

"Mimi sina," alisema.

Mtu mmoja alicheka, akidhani ni mzaha.

"Ai, Mama Griffins," alisema Mercyline kwa upole. "Kila mtu ako na jambo ya kushukuru. Katika yote..."

"Mwalimu, usinimalizie hiyo." Sauti yake haikupanda, na hilo liliwatisha zaidi. "Nimesema sina. Ng'ombe ameshukuriwa. Fimbo imeshukuriwa. Fimbo! Basi chapati iko kwa moto, na inaanza kuungua. Yule aliyemfundisha Cucu kutembea, aingie jikoni aigeuze. Mimi naenda."

Na akaenda. Alipita chumbani, akachukua mkoba na sweta, akatoka kwa mlango wa nyuma, unga ungali mikononi. Wambugu alimfuata mpaka langoni akiita, "Watiri! Watiri, si ungoje kwanza watu waende?" Na kweli kulikuwa na harufu ya kitu kinachoungua. Hakugeuka.

*

Kagio, upande wa Kirinyaga, ndiko alikokuwa mdogo wake Ngendo, mjane aliyeuza nyanya na mchele. Ngendo hakuuliza kitu. Alimtazama dada yake mlangoni, akaona unga uliokauka kwenye vidole, akasema, "Ingia, dada. Uoge kwanza."

Watiri alioga, akala, akalala. Akaamka, akaanza kusema. Alisema asubuhi, alisema mchana, alisema Ngendo akipanga nyanya kwenye makreti na akasema tena Ngendo akirudi kutoka sokoni jioni amechoka. Alieleza habari ya uji na habari ya soksi. Alieleza habari ya fimbo mara nyingi hata Ngendo akaijua kwa moyo. Kati ya hadithi moja na nyingine alipumzika kwa kulalamikia Kagio: joto lile la kumkausha mtu kama mahindi ya mbegu, mbu, maji yenye ladha ya udongo, wali uliolainika mno.

Ngendo alimsikiliza. Alikuwa na uvumilivu wa mtu aliyezoea wateja wanaobonyeza nyanya zote na kuondoka bila kununua. Lakini kila uvumilivu una mwisho wake, na wa Ngendo uliishia mbele ya sahani ya wali.

"Huu leo una chumvi nyingi," alisema Watiri, akiisogeza.

Ngendo aliweka kijiko chini.

"Dada, nikuulize kitu. Tangu ufike, nani amekupikia?"

"Si wewe?"

"Nani amekupatia kitanda, akalala kwa mkeka?"

"Ngendo, ni nini sasa?"

"Niliamka kukiwa giza nikaenda soko, nikarudi nikapika, nikafua hiyo kanga yako ya unga. Umeniambia maji ni mbaya. Umeniambia mbu. Umeniambia chumvi. Hiyo neno asante unayolilia hapa kutwa kucha, mimi sijaisikia kwa mdomo wako hata siku moja."

Watiri aliona damu ikimpanda masikioni. "Wewe ni ndugu yangu wa tumbo moja! Nikushukuru kwani wewe ni mgeni? Mtu hushukuru..."

Neno lilikuwa limeshatoka nusu, na nusu hiyo aliisikia vizuri.

Ngendo alimtazama kidogo, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika meza. Watiri hakucheka. Aliinuka, akatoka nje, akakaa kwenye kreti tupu karibu na choo, amekasirika kuliko siku aliyotoka Mathira, kwa sababu siku ile alikuwa na hakika na kesi yake.

Jua lilikuwa likishuka upande wa Nyeri, kule alikotoka. Alijaribu kuomba, si kwa unyenyekevu wowote, bali kama mtu anayekwenda ofisini kuulizia jambo lake lililokwama. "Mungu, ulinileta mpaka Kagio ili nitukanwe na Ngendo? Hii pia ni kazi yako?" Mbuzi wa jirani alilia. Watiri akavuta pumzi. Aliona ni aibu kuondoka bila kusema kitu, basi akatafuta kitu cha kushukuru kama anayetafuta sarafu iliyoanguka ndani ya kiti. "Asante kwa neti ya mbu," alisema mwishowe. Ilikuwa na matundu, akayataja nayo. "Ina matundu lakini. Asante kwa Ngendo. Ana mdomo, unamjua. Asante kwa Ngendo."

Alipokuwa kwenye Ngendo, likaja lingine ambalo hakulialika.

Alikuwa bibi arusi mpya, Griffins hajaanza kutambaa, aliposema anataka kwenda Nyeri mjini kusomea ushonaji. Kigongo kizima kilicheka. Mke anayeacha mtoto wa kunyonya aende shule! Wambugu mwenyewe alikuna kichwa. Ni Wakiuru aliyemchukua mtoto, akamfunga mgongoni, akasema, "Nenda." Mwaka mzima alimbeba mtoto huyo kwenye majani chai, akamlisha viazi alivyovitafuna mwenyewe kwanza, akasimangwa na wanawake wenzake mtoni kwamba amegeuzwa yaya na mke wa mwanawe. Watiri aliporudi na cheti, Wakiuru alimkabidhi mtoto mnene anayekimbia. Na Watiri alisema nini? Alikumbuka vizuri alichosema. Alisema, "Mbona amekohoa?"

"Haya," alimwambia Mungu, kwa hasira. "Haya, nimeona. Ulikuwa lazima uninyang'anye hata hii?" Maana hilo ndilo lililomkera kuliko yote: hasira yake, aliyoitunza vizuri kama nguo ya Krismasi, sasa ilikuwa na tobo, na kila alipoivaa upepo uliingia.

Alirudi ndani. Ngendo alikuwa akiosha vyombo.

"Asante kwa chakula," alisema Watiri, kama anayetema kokwa.

"Kilikuwa na chumvi nyingi," alisema Ngendo bila kugeuka.

*

Wambugu alikuwa amepiga simu, lakini namna yake. Mara ya kwanza aliuliza sufuria kubwa iko wapi. Mara ya pili aliuliza githeri, ile mahindi na maharagwe, huchemshwa mpaka lini. Mara ya tatu alisema ng'ombe amempiga teke, akanyamaza muda mrefu, Watiri naye akanyamaza, mpaka salio likaisha. Hakuna mahali aliposema rudi. Watiri alimwambia Ngendo, "Naona amenikosa kama mtu anavyokosa kifungua chupa."

Kwa desturi, mke akienda kwao kwa hasira, mumewe ndiye huenda kumrudisha. Watiri alikuwa ameshatengeneza maneno atakayomwambia Wambugu akija. Hakuwa ametengeneza maneno ya yule aliyekuja.

Ilikuwa mchana, joto la Kagio limekaa juu ya mabati. Gari la jirani yao wa Mathira lilisimama barabarani, kwa kuwa njia ya kuingia kwa Ngendo ilikuwa nyembamba na imejaa makreti. Wambugu alishuka, akafungua mlango wa nyuma. Ikatoka fimbo kwanza. Kisha Cucu Wakiuru, amevaa sweta zito, koti juu yake na vitambaa viwili kichwani, kana kwamba Kirinyaga ni kilele cha mlima. Wambugu alimpa mkono. Aliukataa kwa kumpiga kidogo na fimbo.

Alianza kuja. Fimbo, mguu mgonjwa, mguu mzima. Njia ilikuwa na mawe na maganda ya nyanya. Wanawake wa soko waliacha kuongea. Alikwenda akisimama, akihema, akienda tena, na macho yake yalikuwa chini kwenye mawe.

Watiri alisimama mlangoni amekunja mikono. Aliapa moyoni hatasogea. Kisha Cucu akayumba.

"Usiangalie chini!" Watiri alipaza sauti. "Cucu! Nilikuambia nini? Angalia mbele! Niangalie mimi!"

Cucu aliinua macho. Akamtazama yeye, akaja moja kwa moja mpaka mlangoni, na Watiri, akijichukia kidogo, alikuwa ameshatoka kumpokea kwapani.

Walimkalisha kwenye kivuli, wakamvua koti na sweta. Ngendo alileta maji. Cucu aliyainua, akafungua mdomo. "Asante Y..." Akakatiza. Akamgeukia Ngendo. "Asante, mwanangu." Akanywa.

Wambugu alisema ataenda kuangalia gari. Gari halikuwa na hitilafu yoyote, lakini alienda, na Ngendo akaondoka naye.

"Nimekuja kukuuliza," alisema Cucu. "Hao wanawake walienda wakaniacha na chapati zilizoungua. Mwalimu akaniambia, Cucu, mbona hukumtaja? Nikamwambia, kumtaja nani? Mama Muriithi ni wa nyumba. Mtu huushukuru mkono wake? Unakula, unashiba, unauambia mkono asante?"

"Mkono hauna masikio, Cucu," alisema Watiri. "Mimi niko nayo. Na hiyo dirisha ya jikoni iko wazi."

Nzi alitua kwenye goti la Cucu, hakumfukuza.

"Umenipikia mara ngapi nikisema asante Yesu, ukasimama hapo na sinia?"

Watiri alishtuka. "Ulikuwa unaniona?"

"Nimevunjika nyonga. Sikuvunjika macho." Ajuza alishusha pumzi. "Nikuambie ukweli, kwa sababu nimetembea kwa mawe kuja kuusema. Kumshukuru Mungu ni rahisi. Mungu hachoki. Mungu hatafunga mkoba aende Kagio. Lakini mtu, ukimwambia asante, umekubali kwamba maisha yako ako nayo kwa mkono, na siku moja anaweza kuweka chini. Mimi maisha yangu yote nilibeba watu. Sikujua kubebwa. Nilikuwa naogopa, nikipitisha asante juu kwa Yesu, nikisema atakupatia yeye mwenyewe."

"Haikufika," alisema Watiri.

"Nimeona haikufika." Cucu alinyoosha mkono, akamshika kifundo cha mkono. "Watiri."

Miaka yote ile, hakuwahi kulisikia jina hilo kwa sauti hiyo. Lilisikika geni, kama la msichana mwingine.

"Watiri, ulinifundisha kutembea. Nilikutukana ukanifundisha. Asante."

Watiri aligeuza uso upande wa makreti. Aliposema, sauti ilitoka ya ukali, kwa kuwa hiyo ndiyo iliyokuwa karibu.

"Na wewe ulimbeba Griffins nikienda Nyeri. Mwaka mzima. Sikukushukuru."

"Hiyo?" Cucu alikunja uso. "Huyo mtoto alikuwa mzito! Mpaka leo bega hili, baridi ikija..." Akaligusa bega. "Nilingoja hiyo asante mpaka nikasahau nangoja nini. Sasa imekuja nikiwa sina meno."

"Basi asante."

"Imefika."

Ngendo aliporudi aliwakuta wamekaa bega kwa bega, kila mmoja amemkasirikia mwenzake kidogo kwa kumliza.

*

Watiri alirudi Mathira, ila hakurudi vile vile. Cucu aliwaita wanawake wa ushirika, akawakalisha sebuleni bila chai, akawaambia kwamba kama wana nguvu ya kupiga vigelegele wana nguvu ya kukaa na mzee siku za soko. Mercyline alikubali kwanza, akajipangia zamu wakati wa likizo za shule, na wengine wakafuata kwa aibu. Kibanda cha Karatina kikafunguliwa tena. Wambugu alijifunza kukama, vibaya, na jioni moja baada ya kunywa chai aliweka kikombe chini akasema, "Asante kwa chai," kwa sauti ya mtu anayesoma tangazo kwenye mkutano. Watiri alimtazama mpaka akatoka nje.

Usidhani amani ilishuka kama umande. Cucu, akishajua njia, hakujua kiasi. "Asante Watiri kwa chumvi. Asante Watiri kwa kufungua mlango. Asante Watiri, umepita." Watiri alimpigia Ngendo simu kulalamika, Ngendo akakata simu kwa kicheko. Na kuni zilikuwa mbichi bado, na ndimu ilisahauliwa, na siku nyingine mguu wa Cucu ulipouma alirudia kumwita mtoto wa watu.

Lakini Watiri alishika kile alichoanza kwenye kreti la Kagio, hasa kwa ubishi. Asubuhi mbele ya moshi alimtajia Mungu kitu kimoja kizuri, na kasoro yake, kwa kuwa hakuona maana ya kumficha. Asante kwa ng'ombe, amepunguza maziwa. Asante kwa mvua, imeharibu barabara. Akagundua, bila kufurahishwa sana na ugunduzi huo, kwamba baada ya kasoro kutajwa kitu kile kizuri kilibaki palepale, hakikuwa kimepungua.

Jumapili moja baada ya chakula cha jioni, Cucu, ambaye ndiye aliyeongoza maombi ya nyumba ile tangu mumewe afe, aliondoa kitambaa kimoja kichwani, akasema, "Leo aombe Watiri."

Wambugu aliinamisha kichwa haraka. Watiri hakuwa amejiandaa. Alifumba macho, akaanza anavyojua.

"Mungu, asante kwa hii nyumba. Inavuja upande wa jikoni, nimesema mpaka nimechoka. Asante kwa Baba Griffins, yeye ndiye anajua kwa nini haijatengenezwa." Wambugu alikohoa. "Asante kwa Cucu. Leo amenisumbua tangu asubuhi mpaka..."

Alisita. Alifungua jicho moja. Ajuza alikuwa amefumba macho, mikono imefungana juu ya fimbo, midomo ikitikisika.

"Endelea," alisema Cucu. "Hata hiyo Mungu anasikia."

Watiri akaendelea.